Mti wa Mswaki Chini ya Milima ya Upare

Ndugu msomaji, kabla hatujaanza safari yetu nakuomba ukumbuke jambo dogo. Asubuhi hii, ulipokwisha kusafisha meno ukatema mate, je, mate yale yalikuwa meupe, au yalikuwa na uzi mwekundu wa damu? Usione haya kujibu, maana mimi mwenyewe nilitema damu muda wa miaka miwili na sikumwambia mtu. Nilidhani ni ugumu wa mswaki. Na kwetu mtu akitokwa damu ya fizi hahesabiwi kuwa mgonjwa. Huambiwa tu, "Meno yamechoka," naye hushika jembe lake akaenda shambani.

Meno ya mama yangu yalichoka mapema. Kabla hajatimiza miaka hamsini alikwisha poteza saba, na katika hayo saba hapakuwa na jino hata moja lenye tundu. Yalikuwa mazima, meupe, yenye mizizi mirefu. Yalilegea tu, kama nguzo za ua katika ardhi iliyolowa, na moja baada ya jingine yakabaki katika kipande cha muhogo au katika gunzi la mahindi. Sasa mama mdogo, ndugu yake, ameanza kupita njia ile ile. Mwaka jana alinunua gulioni chupa ya maji ya kijani. Mwuzaji alimwambia kwamba yametoka katika mti wa mswaki, kwamba huua vijidudu vyote vya kinywani, na kwamba hukaza meno yaliyolegea. Mama mdogo alisukutua majuma matatu. Kinywa kilimwasha, damu haikukoma.

Basi akaniita. "Mwanangu, wewe umekaa chuoni," akasema. "Nenda ukaniulizie kama mti ule una dawa kweli, au ni maneno ya gulioni."

Ndiyo asili ya safari hii, na sasa twende pamoja.

Kwetu ni juu milimani, katika Upare ya Kusini, mahali penye migomba, mifereji ya maji na baridi ya asubuhi. Gari la abiria huondoka saa kumi na moja alfajiri likiwa limejaa ndizi, maharage na akina mama waendao sokoni. Hushuka kwa kona nyingi sana, na kwa kila kona utaona kitu kimepungua: kwanza migomba, kisha ukungu, kisha maji. Ukifika Makanya, penye njia kuu na reli ya Tanga kwenda Moshi, koti ulilovaa nyumbani limekwisha kuwa mzigo. Hapo kuna mashamba ya mkonge. Ukiyapita ukaelekea magharibi, machweo ya jua, unaingia katika uwanda mpana unaoteremka polepole mpaka mto Pangani, ambao wengi wa huku huuita Ruvu.

Wengi wetu wa milimani huuogopa uwanda huu. Twasema hauna kitu. Nami nilisema hivyo nilipokuwa mtoto, lakini sasa nakiri kwamba nilikuwa nasema kwa kuutazama kutoka juu tu. Ukitembea humo kwa miguu utaona kwamba kila mti una ujanja wake wa kuishi. Mahali pengine udongo ni mweupe kwa chumvi, hata majani hayaoti. Na hapo hapo, katika chumvi ile, umesimama mti mmoja wa kijani kibichi, mfupi, uliopinda, matawi yake yameinama mpaka chini kama nywele za mtu aliyeamka usingizini. Mbuzi wamelala katika kivuli chake. Huo ndio mswaki. Wataalamu huuita Salvadora persica, na Wamasai wa uwanda huu huuita oremit.

Jina lenyewe la Kiswahili limetoka kwa Waarabu, waliotumia mti huu kusafishia meno tangu zamani sana, na Waislamu hutumia kijiti chake hata leo kwa kufuata mwenendo wa Mtume wao. Siku hizi tukisema mswaki twafikiri kile cha plastiki kinachouzwa dukani. Kumbe plastiki imeazima jina la mti! Mti huu una matunda madogo yaliyo matamu na makali pamoja, na ukali huo hufanana na ule wa haradali. Kwa hiyo wako wataalamu waliodhani kwamba haradali inayotajwa katika Injili, ile iliyokuwa mti hata ndege wakakaa katika matawi yake, ni mti huu huu. Wengine wengi wamekataa, wakisema ni ile haradali ya bustani. Mimi siamui shauri lao, lakini ndege niliwaona.

Chini ya mti mmoja nilimkuta mzee akichunga mbuzi pamoja na mjukuu wake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba," tukakaa. Nilipomweleza haja yangu hakucheka, wala hakutaka kujua nimetumwa na nani. Aliniambia nifungue kinywa. Nikafungua. Akanitazama kama mtu anavyotazama kinywa cha ng'ombe anayetaka kumnunua, akaguna. Kisha akafungua kinywa chake mwenyewe. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwapo, lakini hayo yalitolewa utotoni kwa desturi ya Wamasai. Mengine yote yalikuwapo, na fizi zake zilikuwa zimeshika kama ngozi iliyowambwa.

Akachukua sime, akafukua ubavuni mwa mti, mbali kidogo na shina, mpaka akapata mzizi mnene kama kidole cha mwisho. Akaukata urefu wa shubiri mbili, akarudisha udongo na kuukanyaga vizuri. "Mzizi wa katikati haukatwi," akasema. "Ukiukata umemuua huyu, na mjukuu wangu hatapata wa kwake." Akamenya ganda la ncha, kiasi cha ukucha mmoja tu, akanipa nitafune. Ndugu msomaji, ukali ule ulinipanda puani hata machozi yakanitoka! Baada ya kutafuna kidogo ncha ikawa nyuzi nyuzi, laini kama brashi. Mzee akanionyesha namna ya kupitisha: kutoka katika ufizi kwenda kwenye jino, si kukata kwa upande kama msumeno, na nyuma, na ndani, upande wa ulimi.

Nikamwuliza, "Mzee, je, watu wote wa hapa wana meno kama yako?"

Akasema, "Hapana. Wako wanaopiga mbele tu, panapoonekana. Hao hupoteza ya nyuma."

Neno hilo nililitia katika daftari, nalo litaturudia mbele kidogo. Nikampa mzee sukari niliyokuwa nayo, naye akanikatia mizizi mingine minne. Nikaizungusha katika kitambaa kibichi, nikarudi Makanya kupanda basi la Moshi.

Huko Moshi ninaye shemeji, ndugu wa mke wangu, naye ni fundi wa maabara katika hospitali moja. Nilitaka anionyeshe kwa macho jinsi watu wanavyojua kwamba dawa fulani inaua kijidudu fulani, maana kusikia tu sikutaka tena. Alinipa koti jeupe na kunikataza kugusa kitu, akafungua kabati lenye joto la nyuzi 37, yaani joto la mwili wa mtu. Ndani zilikuwamo sahani za duara zenye vifuniko, pana kama kiganja. Katika kila sahani kuna kitu kama uji ulioganda. Uji huo huitwa aga, nao hutengenezwa kwa mwani mwekundu wa baharini. (Si mwani unaolimwa Zanzibar, huo hutoa kitu kingine cha jamii hiyo.) Juu ya uji ule fundi hupaka usaha wa kidonda au kitu kingine cha mgonjwa, na baada ya usiku mmoja bakteria huwa wameota na kuutandaza kama ukungu juu ya ugali uliolala.

Sahani moja aliyonionyesha ilikuwa imewekwa vipande sita vya karatasi, vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kuzunguka vipande vinne palikuwa na duara safi lisiloota kitu, kama vile mwezi unavyozungukwa na duara wakati wa mvua. Shemeji akatwaa rula na kupima upana wa kila duara kwa milimita. Kuzunguka vipande viwili hapakuwa na duara lo lote. Ukungu ulifika mpaka kwenye karatasi. "Dawa hizi mbili kijidudu huyu amekwisha zizoea," akasema. "Nikimpa mgonjwa, ni sawa na kumpa maji."

Hapo nikatoa mizizi yangu. "Basi shemeji, tia kipande kimoja humu tuone."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza sababu za kukataa kwake, nami nazieleza hapa kwa kuwa ndizo zinazotofautisha kupima na kucheza.

Kwanza, bakteria wale walikuwa wa kidonda, si wa fizi. Bakteria wa fizi wana tabia nyingine kabisa. Hukaa katika mfuko mwembamba ulio kati ya jino na ufizi, mahali pasipofika hewa, na hewa yetu hii ya kuvuta huwadhuru. Mtu akitaka kuwaotesha hana budi kuwaweka katika chombo kilichotolewa oksijeni, awape uji uliochanganywa na damu, angoje siku kadha wa kadha. Mmoja wao, mwenye sifa mbaya kuliko wenzake, huitwa Porphyromonas gingivalis. Katika sahani ya damu huota makundi meusi, na weusi huo hutokana na damu anayoila. Huyu ni kama kupe: ufizi unaotokwa damu kwake ni karamu. Niliposikia hayo niliukumbuka ule uzi mwekundu wa mate yangu, nikaona kichefuchefu.

Pili, sahani moja haitoshi. Yatakiwa angalau tatu, kwa maana moja yaweza kudanganya. Tena kama umeloweka mzizi katika spiriti ili kukamua dawa yake, huna budi kuweka sahani nyingine yenye spiriti tupu, isije ikawa spiriti ndiyo iliyoua ukausifu mti bure. Na sahani nyingine iwe na dawa inayojulikana tangu zamani, kama ile ya kusukutua iitwayo klorheksidini, ipate kuwa kipimo cha kulinganisha. Baadaye dawa ile ya mti hupunguzwa nguvu kwa nusu, na nusu ya nusu, na kuendelea, mpaka ionekane ni kiasi gani kidogo kabisa kinachoweza bado kuzuia kijidudu kuota. Tatu, jani na ua la mti hukaushwa na kuhifadhiwa, mtaalamu wa miti ayatazame, kusudi iwe hakika kwamba mti uliopimwa ndio uliotajwa. "Yule mwuzaji wa chupa," akaniuliza shemeji, "alifanya lipi katika haya?"

Sikuwa na jibu. Lakini yeye alikuwa na habari njema kidogo. Kazi niliyoitaka ilikwisha fanywa na watu wengine, mbali sana na Makanya, katika nchi ya theluji.

Katika Uswidi kuna chuo kikuu cha uganga kiitwacho Karolinska. Huko bibi mmoja mtaalamu, Abier Sofrata, pamoja na wenzake, walichukua vipande vya mswaki, mti huu huu wa mzee wangu, wakavipima kwa bakteria watano. Watatu kati yao, miongoni mwao yule kupe mweusi, ni wa kundi ambalo halishiki rangi ya zambarau ya kupakia katika darubini, kwa hiyo huonekana jekundu. Wawili wengine ni wale wanaohusika na kutoboka kwa meno. Habari zao zilichapishwa mwaka 2008. Hawakukamua kitu, walitumia kipande cha mti kama kilivyo. Vipande vingine walivichomeka ndani ya uji wa sahani. Vingine, na hapa ndipo nilipofungua macho, walivining'iniza juu ya sahani bila kugusa kitu.

Ikawaje? Bakteria walikufa kwa njia zote mbili. Kile kijiti kilichoning'inia hewani kiliua sawasawa na kile kilichozama, na pengine kuzidi. Maana yake, ndani ya mswaki mna kitu kinachoruka kama harufu na kufanya kazi yake kutoka mbali. Waliodhurika kuliko wote ni wale watatu, akiwamo yule kupe wa fizi. Wale wa kutoboa meno hawakudhurika sana. Mmoja wao karibu hakujali.

Mwaka 2011 Sofrata na wenzake walitoa habari ya pili. Walikitafuta kile kitu kirukacho katika mizizi, wakakipata. Jina lake lachosha ulimi, benzili isothayosayaneti, lakini wewe ukumbuke tu kwamba ni ndugu wa ule ukali wa haradali. Huo ndio ulionitoa machozi uwandani! Katika mzizi uliotulia kitu hicho hakijawa kikali bado. Mti huweka vitu viwili katika vyumba mbalimbali, na jino lako linapouponda mzizi vyumba hubomoka, vitu vile hukutana, na ukali huzaliwa pale pale. Kwa mti ni silaha ya kumfukuza mdudu anayeutafuna. Sisi tumeigeuza kuwa silaha yetu.

Basi, utasema, neno limekwisha: mti una dawa. Nami nilisema hivyo, nikasimama niende kwa mama mdogo. Shemeji akanishika mkono. "Kaa kwanza," akasema. "Nikupe hadithi ya siki."

Hadithi yenyewe ni ya kweli, nayo ni ya mwaka 1683. Katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, alikuwako mfanya biashara ya nguo jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Alipenda kusugua vioo vidogo vya kukuzia vitu, na vioo vyake vilikuwa bora kuliko vya wasomi wa zamani zake. Siku moja alikwangua ukoga mweupe uliokuwa kati ya meno yake, akauchanganya na maji, akautazama. Akaona viumbe hai vidogo sana, vingi, vikienda mbio. Ndiye wa kwanza kueleza habari za bakteria wa kinywani, na mtu huyu alikuwa akisafisha meno yake kwa chumvi kila siku!

Sasa tazama alivyofanya baadaye. Alisukutua kinywa kwa siki kali, kisha kwa maji, halafu akakwangua tena ukoga na kuutazama. Viumbe walikuwako wengi, wazima. Akashangaa. Akachukua tone la siki akalitia katika yale maji yenye ukoga uliokwisha vurugwa. Mara wakafa wote. Akaelewa: siki aliyosukutua iliwaua wale wa nje tu, haikupenya ndani ya ukoga. Karne zaidi ya tatu zimepita tangu Bwana huyu aandike hayo, na wapimaji wa dawa za miti wa leo hukutana na fundo lile lile. Kijidudu aliyetapakaa katika maji huuawa upesi. Kijidudu aliyejenga nyumba, akajipanga na wenziwe tabaka juu ya tabaka katika utelezi wao, huyo huvumilia dawa ambayo ingemwua mara moja akiwa peke yake.

Ndipo nilipoifahamu chupa ya kijani. Hata kama kweli ilitoka katika mswaki, hata kama ingeweza kufanya duara zuri katika sahani, mama mdogo aliimimina juu ya ukuta. Tena ule ukali uruka kama harufu. Nani ajuaye ni kiasi gani kilichobaki katika chupa iliyokaa juani gulioni? Na lipo jambo jingine linalosahauliwa: kitu kinachoua bakteria chaweza pia kuunguza nyama laini ya kinywa. Kwa hiyo wapimaji waangalifu huijaribu dawa juu ya chembe hai za mwili wa mtu kabla ya kuisifu. Kinywa cha mama mdogo kilifanywa sahani ya majaribio bila yeye kujua.

Lakini mzizi wa mzee ni kitu kingine. Nyuzi zake huvunja ukuta, na papo hapo maji yake makali huingia palipovunjwa. Mkono na dawa hufika pamoja. Ukiniuliza mimi, naona kwamba mkono ndio mkubwa zaidi, na sababu yangu ni hii.

Mwaka 1965, mjini Aarhus katika Denmark, mwalimu wa meno Harald Löe na wenzake wawili walichapisha jaribio la watu 12 wenye fizi nzima. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa uganga wa meno. Waliwaomba waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 fizi za wote zilivimba na kuwa nyekundu, hakuna aliyepona. Kisha wakaambiwa waanze tena kusafisha, na baada ya juma moja hivi fizi zikarudi kuwa nzima. Hawakupewa dawa yo yote. Ni ukoga ulioleta ugonjwa, na ni kuuondoa ukoga kulikouponya.

Löe huyo huyo baadaye akawafuata wafanya kazi 480 wa mashamba ya chai huko Sri Lanka, wanaume wasiokuwa na desturi ya kupiga mswaki. Aliwatazama tangu mwaka 1970 mpaka 1985. Wote walikuwa na ukoga, hata ule ulioganda mgumu kama chokaa. Na bado watu 8 katika kila 100 waliharibikiwa upesi sana, 81 waliharibikiwa polepole, na 11 hawakuendelea mbele ya kuvimba tu. Kwa hiyo jirani yako akikwambia kwamba babu yake hakujua mswaki na alikufa na meno yote, usimwite mwongo. Babu alikuwa katika wale 11. Mama yangu, nadhani, alikuwa katika wale wanane.

Nilirudi nyumbani siku ya tatu. Nilimweleza mama mdogo yote, jioni, jikoni, naye akasikiliza akipepeta maharage. Nilipofika kwenye ule ukoga ulioganda akaacha ungo. Shemeji alikuwa amenikaza juu ya jambo hilo: ukoga ukigeuka jiwe, hakuna mzizi, wala brashi, wala dawa ya sukutua inayoweza kuutoa. Huondolewa kwa chuma, na mganga wa meno, na kama haukuondolewa ule mfuko wa chini ya ufizi huzidi kwenda ndani mpaka mfupa unaoshika jino uliwe. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

"Kumbe ndivyo alivyopotea dada yangu," akasema. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, Same, ni kiasi gani.

Alikwenda mara mbili. Alikwanguliwa upande mmoja kwanza, upande wa pili baada ya juma. Jino moja la nyuma halikuweza kuokolewa. Lilikuwa likicheza kama mlango. Mengine yamebaki, na damu imekoma, na siku hizi anawafokea wajukuu wanaopiga mbele tu. Mimi nami nilikwanguliwa, maana haikufaa nimpeleke yeye nikabaki na aibu yangu.

Mizizi ile minne niliisahau katika mkoba. Majuma matatu baadaye niliitoa, nikaimenya mmoja na kuutafuna. Ulikuwa mti tu. Nyuzi zilikuwako, lakini ukali ulikuwa umekwenda zake, na puani sikusikia kitu. Mama mdogo aliunusa, akaurusha katika kuni. Sasa ameniagiza nishuke tena mwisho wa mwezi, nimletee miwili mibichi, na kwamba safari hii nimpelekee yule mzee sukari kilo mbili, si robo.